Hana dini: je, hana imani?

Tanga mtu akisemwa kwamba hana imani, mara nyingi Mungu hajatajwa kabisa. Anayesemwa ni mwenye nyumba aliyemtolea mjane vyombo nje kabla matanga hayajaanuliwa, au mwenye mkokoteni anayempiga punda aliyezidiwa na mzigo. "Kuwa na imani, bwana," wapita njia humwambia, wakimtaka ahurumie. Neno hilohilo likifika kwa fundi linakuwa habari ya kuaminika: sina imani na fundi huyu. Likifika bungeni ni kura ya kutokuwa na imani. Likiingia msikitini ni nguzo sita: Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari.

Basi kijana wa Ngamiani akitamka barazani kwamba yeye hana imani, waliokaa wanasikia mambo matatu kwa mpigo: hamwamini Mungu, haaminiki, na hana huruma. Mama yake analia kwa lile la tatu kuliko la kwanza. Ndipo mzee mmoja, kwa nia njema ya kumrudisha mtoto kundini, hutoa hoja inayosikika kila mahali: "Mwanangu, hata huko kutoamini kwako nako ni imani. Wewe nawe una dini yako, ila huijui."

Hoja hiyo ninaichukulia kwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna ukweli fulani na kuna kosa, na vimefungwa pamoja kiasi kwamba watu huvimeza vyote au huvitema vyote.

Tuanze na maneno. Kiswahili kimetupa matatu, nasi tunayachanganya. Dini ni njia nzima: ibada, sheria, watu unaokusanyika nao, namna ya kuoa na kuzikwa. Imani ni kusadiki kwa moyo. Itikadi imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kufunga fundo, mzizi uleule uliotupa akdi ya nikaha, yaani mkataba wa ndoa. Itikadi basi ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja yakashika. Mtu anaweza kuwa na dini na imani yake ikawa changa, yupo safu ya mbele kila Ijumaa kwa sababu ndipo walipo wenzake. Anaweza kuwa na imani bila dini. Swali la mzee, likinyooshwa, ni hili: je, kutomwamini Mungu ni itikadi? Kuna fundo hapo, au kuna kamba moja tu iliyolala chini?

Hata majina tunayompa mtu huyo yanatupotosha. Mpagani ni neno la wamisionari. Kafiri, kwa asili yake, ni mwenye kufunika jambo analolijua. Mkanamungu ndilo linalopendwa na makamusi, nami naliona halifai kwa wengi wanaopachikwa jina hilo. Kwa Kiswahili huwezi kukana usichokuwa nacho. Mtu hukana deni lililoandikwa, humkana mwana aliyemzaa. Kukana ni kukataa kitu kinachojulikana kuwa ni chako. Asiyeshawishika tangu mwanzo hajakana chochote.

Hapo ndipo sarufi inapohitajika. Zipo sentensi tatu zinazofanana kwa sura:

Siamini kwamba Mungu yupo.
Naamini kwamba Mungu hayupo.
Sijui kama Mungu yupo.

Ya pili ni dai. Anayeitamka amesema jambo kuhusu ulimwengu mzima na anadaiwa ushahidi kama mdai mwingine yeyote. Ya kwanza haidai kitu nje ya moyo wa msemaji. Inasema tu kwamba hoja alizoletewa hazijamtosheleza. Ya tatu ni habari ya elimu: mtu anaweza kusema hajui na bado akaamini, au asiamini. Ugumu wetu ni kwamba mazungumzo ya kila siku yanaila tofauti hiyo. Ukiniambia "siamini kama atakuja", nitaanza kuepua sufuria, kwa kuwa nimeelewa kwamba haji. Ukanushi umeruka kutoka kitenzi cha kwanza ukatua kwenye cha pili. Tunafanya hivyo na "sidhani" pia. Kwa mgeni wa chakula haina madhara. Kwa swali la Mungu inamgeuza mtu wa sentensi ya kwanza kuwa wa sentensi ya pili bila yeye kufungua mdomo.

Dawa yake ni swali moja la nyongeza: "Unasema hayupo?" Akijibu "ndiyo, hayupo, nina hakika", mzee amepata anachokitafuta, hiyo ni imani na mwenyewe aitetee. Akijibu "sijasema hivyo, nasema sijaona cha kunifanya nikubali", hana dai la kutetea. Hakimu anayesema kwamba mashtaka hayakuthibitishwa pasipo shaka hajasema mshtakiwa ni mtu safi. Amesema mzigo haukufikishwa ulipotakiwa.

Waingereza walihitaji kusubiri hadi 1869 ndipo mwanasayansi wao Thomas Huxley akatunga neno "agnostic" la kumwita mtu wa sentensi ya tatu. Chuoni kwetu, kwenye madrasa, neno lipo la siku nyingi: la adri, sijui. Watoto hufundishwa kwamba kusema sijui ni nusu ya ilimu, na maulamaa wakubwa waliheshimiwa kwa kulitamka.

Kuna aya inayonifikirisha sana katika jambo hili, ya 24 katika Surat al-Jathiya. Inawataja watu wanaosema hakuna ila huu uhai wa duniani, twafa na twaishi, na hakuna kinachotuangamiza isipokuwa dahari. Kisha inawajibu kwamba hawana ilimu ya hayo, wanadhani tu. Tazama lawama imewekwa wapi: wamedai wasilolijua. Yule mpumbavu wa Zaburi ya 14 naye amesema moyoni kwamba hakuna Mungu; naye ni mtu wa dai. Ninavyosoma mimi, maandiko haya mawili yanazungumza na sentensi ya pili. Wenye ilimu ya tafsiri wanaweza kunipinga, na nitawasikiliza.

Sasa tuchukue hata yule wa sentensi ya pili, anayeamini kabisa kwamba Mungu hayupo. Ana imani, sawa. Je, ana mfumo wa imani? Kipimo changu ni kuangalia kinachofuata.

Mtu akitamka shahada mbili kwa kusadiki, yanayofuata yanahesabika. Sala tano zenye rakaa 17 za faradhi kwa siku. Funga ya mwezi mmoja. Zaka ya moja katika arobaini kwa mali iliyofika nisabu, kiwango kilichowekwa, na kutimiza mwaka. Hija kwa mwenye uwezo. Mkatoliki ana sakramenti 7, amri 10, siku 40 za Kwaresima, na Nasadiki, kanuni yake ya imani, inayotamkwa kila Dominika. Hayo yameshikana kama nyuzi za nguo: vuta ufufuo utoke, Pasaka inachanika, na nyuma yake kanuni yote ya imani. Huo ndio mfumo. Sasa chukua karatasi, andika juu "Mungu hayupo", na chini yake jaribu kuandika kinachofuata. Aamke saa ngapi? Ale nguruwe au asile? Aoe mmoja au wanne? Pombe je? Mkopo wa riba achukue? Ampigie kura nani? Kalamu inasimama. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo linalotoka kwenye mstari ule wa juu. Wawili wasiomwamini Mungu wanaweza kutofautiana katika kila swali, na hakuna kitabu wala mtu wa kuwaambia nani amepotoka.

Tanga tunaliona hili kwa macho. Wapo wanaosema waziwazi hawaamini Mungu na bado nyumbani kwao hakufagiliwi usiku, na mtoto akipiga mluzi baada ya magharibi ananyamazishwa. Kutomwamini Mungu hakukuwaondolea majini. Na kinyume chake: mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwa njia ya Mombasa, yana mahali pa mzimu ambapo watu huacha matoleo yao, na wengi wao wana msikiti wao au kanisa lao. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, jina la dini yake litakwambia sehemu tu. Kutokuwa na dini ndiko kabisa kusikokwambia kitu.

Mzee hakubali upesi hivyo. Anageuka: "Sawa, lakini kila mtu anaamini kitu. Wewe waiamini sayansi. Waamini macho yako." Hapa ana nusu ya haki, na nusu hiyo apewe. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kumbukumbu zake haziongopi bila kuzitumia kumbukumbu hizohizo. Tunaanza na vitu tulivyovipokea bila risiti. Lakini vitu hivyo ni vya wote. Wanaotazama mwezi mwandamo wa Ramadhani wanayaamini macho yao na ushahidi wa wenzao kama anavyoyaamini asiyefunga. Kitu tulichonacho sote hakiwezi kuwa dini ya mmoja wetu.

Kisha kuna kuamini na kuamini. Mvuvi anayetokea Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa mjini, anaamini bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hapa yatapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Anajua kwamba kujaa kwa leo kutachelewa kesho kwa dakika kama 50. Upepo ukisukuma maji yakaja tofauti, hagombani na bahari, anasahihisha hesabu yake. Imani yake ina mahali pa kushindwa, na mahali hapo anapaangalia kila siku. Muumini anapomtegemea Mungu katika msiba hajaweka sharti kwamba mtoto akifa ataacha kumtegemea. Kwake kutegemea maana yake ni kushika hata hapo. Sisemi hii ni bora kuliko ile. Nasema ni vitu viwili, na kuviita vyote "imani" kwa sababu kitenzi ni kimoja ni kujidanganya na lugha.

Kwa hiyo kutoamini hakuwi mfumo kamwe? Kunaweza kuwa, pale watu wanapokujenga kuwa hivyo. Mwanafalsafa Auguste Comte wa Ufaransa alimwondoa Mungu akajenga dini ya Ubinadamu, na 1849 akatoa kalenda ya miezi 13 yenye siku 28 kila mmoja, miezi ikipewa majina ya watu wakubwa, na ile siku inayobaki ikawa ya kuwakumbuka wafu wote. Kulikuwa na Umoja wa Kisovieti na chama chake cha wapiganaji wa kumkana Mungu, 1925 hadi 1947. Albania ilifunga misikiti na makanisa mwaka 1967. Hapo kulikuwa na mafundisho, waasi na adhabu, na anayeniambia ule haukuwa mfumo wa imani hatanishawishi. Watu waliteseka kwa ajili yake.

Mwaka uleule wa 1967 huku kwetu lilitoka Azimio la Arusha, na linaanza kwa kutaja yale ambayo TANU, chama kilichotawala wakati huo, iliyaamini, la kwanza likiwa kwamba binadamu wote ni sawa. Hiyo ni itikadi kamili, ina fundo na inadai mengi kwa mtu, na haimkani Mungu wala haimhitaji. Shekhe na padri waliweza kuisoma pamoja. Ndiyo maana nasema mifumo ya namna hii ipimwe kwa yaliyomo. Kilichoifanya Albania kuwa Albania hakikutoka kwenye mstari ule mmoja juu ya karatasi. Kiliandikwa chini yake na watu wenye serikali mkononi.

Katiba yetu, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Sijapata kusikia mtu akihoji kwamba basi kutokuwa na dini ndiyo dini ya Jamhuri. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na kubadilisha. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliridhia 1976, umefafanuliwa tangu 1993 kuwa unawalinda pia wasioamini na wasiotaka kukiri dini yoyote. Mahakama moja ya rufani ya Marekani, 2005, ilikwenda mbali zaidi ikasema kutoamini kuhesabiwe kama dini kwa ajili ya ulinzi wa katiba yao. Aliyedai alikuwa mfungwa aliyetaka kikundi chake cha kujisomea gerezani. Watu huchukua hukumu hiyo wakasema "mahakama imekubali kuwa ni dini". Ilichokubali ni kwamba apewe kinga ileile.

Lakini yupo mtu ninayemhofia kuliko mzee wa barazani: ni yule asiyeamini, akafurahi kwamba amethibitisha hana mfumo, na akaishia hapo. Sheria na desturi za nchi hii zimepangwa kwa kudhani kila mtu ana mahali pake. Usipochagua mwenyewe, utachaguliwa, na mara nyingi wanaoumia ni mke na watoto.

Tazama mirathi. Tuna sheria tatu zinazogombea mali ya marehemu: ya Kiislamu, ya kimila iliyotangazwa 1963, na ile ya India ya 1865 tuliyoirithi kwa wakoloni. Mahakama huamua ipi itumike kwa kuangalia mfumo wa maisha wa marehemu: alifunga ndoa vipi, aliishi vipi, alisema na kuandika nini. Chukua nyumba ya Makorora yenye thamani ya shilingi milioni 48, hakuna deni, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na wazazi wake walishafariki. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, moja ya nane, yaani milioni 6. Inayobaki 42 mvulana anachukua 28 na msichana 14. Kwa sheria ya 1865 mke anapata theluthi, milioni 16, na kila mtoto 16. Kwa ile ya kimila ya 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake. Anatunzwa na watoto wake. Sita, kumi na sita, au sifuri, na marehemu aliyeitwa Salimu, asiyeswali kwa miaka 20, hakuacha hata mstari mmoja wa kueleza aliishi kama nani.

Linaloharibika zaidi ni mahali pa kufungulia shauri. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unamteua msimamizi, unakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa ni karibu na ni nafuu. Baadaye anajitokeza mmoja na kusema marehemu hakuishi kwa mila wala kwa Uislamu. Ikithibitika, kazi yote inaweza kutenguliwa kwa kukosa mamlaka, na kuanza upya Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, nyumba ikiwa imeshauzwa. Na upande wa pili: katika fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, tofauti ya dini inazuia kurithiana. Anayetangaza kwamba ametoka katika dini anaweza kukuta ndugu zake wakilitumia neno lake kumtoa katika urithi wa baba.

Kwa hiyo asiyeamini ana kazi za karatasi ambazo muumini anafanyiwa na dini yake. Ndoa ni bomani, na taarifa itolewe kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla. Wosia uandikwe, useme waziwazi "sifuati dini yoyote, na nataka mali yangu igawanywe hivi", uwe na tarehe, na usainiwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika. Shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu ndani yake, wala mume au mke wa mtu huyo, kwani fungu lao litapotea. Nakala ihifadhiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au kwa wakili. Mahakamani, akiitwa shahidi, si lazima aape kwa kitabu. Anaruhusiwa kuthibitisha kwamba atasema kweli.

Yanabaki mazishi, nayo ndiyo magumu kwa mji kama wetu. Kwa aliyezaliwa Mwislamu njia imeshachongwa: maiti huoshwa, sanda ya nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, sala ya takbira nne isiyo na rukuu wala sujudu, kisha kaburini. Watu wote wa mtaa wanaijua kazi yao bila kuambiwa, na nimeshaeleza kwamba kutoamini hakuna kitu cha kuweka mahali pake. Wengine wasioamini huridhika kabisa kuzikwa hivyo kwa ajili ya wazazi wao, na naona ni uungwana. Wengine hawataki. Lolote lile liamuliwe na lisemwe mapema, kwa sababu wosia husomwa baada ya matanga, na hapa aliyekufa alfajiri anaweza kuwa kaburini kabla ya alasiri. Karatasi iliyofungiwa kabatini itafunguliwa siku ya nne. Anahitajika mtu mmoja wa damu, dada au kaka mwenye sauti ndani ya ukoo, aliyeambiwa kwa mdomo na akakubali, ambaye atakuwapo uani pale watu wanapoulizana jeneza litoke saa ngapi.